Tusome Pamoja, Kila Mtu Apimwe kwa Jina Lake

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wauguzi wa chama katika sherehe ya Uhuru

  Ndugu zetu Wakenya mlio nasi ukumbini, sikukuu yenu ni tarehe 12, siku tatu tu baada ya yetu ya tarehe 9, kwa hiyo tunawapongeza leo leo ili keki ikatwe mara moja.

Tumepewa dakika 20, kati ya ngoma ya watoto na pilau. Tunajua harufu ya pilau imetutangulia kufika hapa mbele, basi hatutazunguka mbuyu.

Mwenyekiti alituita sisi wauguzi wa chama akatuambia: "Watoto wanaingia vyuo vikuu na wazazi hatuelewi wanasomaje. Mtoto yuko chumbani, mlango umefungwa, kompyuta inawaka. Ukigonga anakwambia yuko kwenye mtihani. Mtihani gani huo unafanyiwa kitandani?" Mnacheka, lakini swali hilo ni la haki kabisa. Zamani mzazi alijua mtoto anasoma kwa sababu aliona daftari. Leo anayeangalia mpira na anayefanya mtihani wamekaa vilevile, wameinama vilevile.

Tumekubali kulijibu kwa sababu sisi wenyewe tuliingia chuo kikuu cha nchi hii tukiwa watu wazima, tukasomeshwa na kupimwa kwa kompyuta, na lilitokea jambo ambalo hatujawahi kulisema hadharani. Tutaanza na hilo.

Ilikuwa Septemba 2013. Mwaka huo hapa England mlango wa diploma ya uuguzi ulikuwa umeshafungwa. Aliyetaka kuanza kusomea uuguzi alilazimika kusoma shahada. Tuliingia wanawake wanne: wa Tanga, wa Mombasa, wa Mbeya na wa Goma. Wote tulikuwa tumevuka miaka 30, wote tuna watoto, na wote tulikuwa tukibeba maboksi kama wanavyosema nyumbani, ingawa maboksi yetu sisi yalikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee usiku katika nyumba za kulelea wazee.

Kwetu tulisoma kwa ubao na chaki. Mwalimu aliandika, sisi tukanakili. Mtihani ulikuwa karatasi, na msimamizi alipita katikati ya madawati akikohoa. Siku ya kwanza chuoni hapa hatukupewa karatasi hata moja. Tulipewa jina la kuingilia na neno la siri. Ratiba humo, mihadhara humo, vitabu humo, kazi humo, matokeo humo. Mwenzetu wa Goma akauliza, "Na mwalimu naye yumo humo humo?"

Kompyuta tulikuwa nayo moja, laptopu kuukuu ya kijana wa mwenzetu wa Mombasa, betri imekufa, inawaka ikiwa kwenye umeme tu. Basi kila Jumamosi, tukitoka zamu ya usiku, tulikutana jikoni kwa mwenzetu wa Tanga. Meza moja, laptopu moja, sufuria ya chai ya maziwa, watoto wanane sebuleni. Mmoja alisoma kwa sauti, wa pili akafasiri, wa tatu akauliza, "Sasa hilo wodini maana yake nini?" Hivyo ndivyo tulivyojifunza. Tukisema leo kwamba hatukupata kusoma vizuri kama pale jikoni, hatutii chumvi.

Pigo la kwanza lilikuwa mtihani wa kukokotoa dawa. Baraza la Uuguzi na Ukunga la nchi hii linataka kila mwanafunzi, kabla hajasajiliwa, apate asilimia 100 katika hesabu za dawa. Si 95, si 99. Na ni sawa, kwa sababu ukikosa swali 1 kati ya 20, yupo mgonjwa mmoja aliyepewa jibu lako hilo.

Swali lenyewe lilikuwa la namna hii. Dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, na mrija unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni matone mangapi kwa dakika? Vijana mlioko nyuma, fanyeni na sisi. 1000 gawanya kwa 8 ni 125. Zidisha kwa 20, unapata 2500. Gawanya kwa dakika 60, unapata 41 na kitu. Tone halikatwi, basi jibu ni 42.

Mwenzetu wa Mbeya alilifanya kichwani kabla sisi hatujashika kalamu. Kwenye kisanduku akaandika 42, kisha kwa adabu aliyofunzwa shuleni akaongeza neno "matone" kwa Kiingereza, maana kwetu jibu lisilo na kipimo ni jibu lenye kosa. Kisanduku kilitaka tarakimu peke yake. Mashine ikamwekea kosa. Akapata 19 kati ya 20, na 19 ni kufeli.

Alilia pale kwenye kituo cha basi. Sisi tukailaani mashine kwa lugha zote tulizokuwa nazo. Lakini ukweli ni huu: mtihani wa mazoezi ulikuwa umewekwa mtandaoni wiki mbili nzima, bure, unaoonyesha kila kisanduku kinataka nini. Hakuna hata mmoja wetu aliyeufungua. Laptopu ilikuwa moja, muda ulikuwa mfupi, na tulidhani mazoezi ni ya wasiojua hesabu. Mara ya pili aliufungua kwanza, akafaulu kwa asilimia 100. Hesabu alikuwa anaijua tangu mwanzo. Alichokuwa hajui ni namna ya kumjibu anayeuliza.

Pigo la pili ndilo lililotuleta hapa mbele leo.

Tulipewa insha kuhusu kunawa mikono na kuzuia maambukizi wodini. Jumamosi ile tulizungumza saa tatu nzima. Aliyekuwa na mawazo kuliko sote ni mwenzetu wa Goma. Mwaka 1994 alikuwa msichana mdogo, akaona kipindupindu kilivyoingia katika kambi za wakimbizi mjini kwao. Aliongea kuhusu maji, ndoo, majivu, mikono ya mama anayenyonyesha. Sisi watatu tulinyamaza tukamsikiliza. Mwenzetu wa Mbeya, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuchapa, alichapa maneno yale kama yalivyotoka, akayasafisha Kiingereza chake, akatutumia sote kwenye simu.

Kila mmoja akaandika insha yake, na kila mmoja akachukua vipande vizima vya karatasi ile. Hatukuona ubaya. Kwetu wanafunzi wanaosoma kikundi kimoja wana daftari moja la kikundi, na anayekataa kutoa daftari lake ndiye mbaya.

Chuo kilikuwa na programu ya kulinganisha maandishi. Insha ikipakiwa, programu inailinganisha na vitabu, majarida, kurasa za mtandao, na insha zote zilizopakiwa kabla yake. Sasa sikilizeni kwa makini mambo yalivyokwenda. Sisi watatu tulipakia Alhamisi. Mwenzetu wa Goma alikuwa na zamu tatu mfululizo, akapakia Ijumaa, dakika chache kabla ya saa ya mwisho. Programu ikakuta sentensi zetu tayari zimo, ikampaka yeye rangi nyekundu ukurasa baada ya ukurasa. Mwenye mawazo ndiye aliyeonekana amenakili. Programu inajua nani alitangulia kupakia, haijui nani alitangulia kufikiri.

Tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Tuliulizwa, "Haya ni maneno yako?" Na hapa ndipo penye aibu yetu. Tuliogopa. Tulifikiria ada, tulifikiria viza, tulifikiria watoto. Kila mmoja alijitetea mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyesema, "Maneno haya ni ya mwenzetu wa Goma."

Hakufukuzwa. Sote wanne tulipewa onyo na kuambiwa tuandike upya. Sisi tukaandika upya. Yeye hakurudi. Alisema, "Nimevuka mipaka mitatu na hakuna aliyeniita mwizi." Sisi tulihitimu mwaka 2016, picha za majoho mliziona. Yeye mpaka leo yuko kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na tunawaambia bila kuficha: angekuwa muuguzi bora kuliko sisi.

Kwa muda mrefu lawama zote tuliitupia kompyuta. Tulisema imeletwa na mafundi wasiojua wodi. Lakini tulipoanza na sisi kufundisha wanafunzi wodini, ilibidi tusome mambo haya yametoka wapi, na tukakuta tumekosea.

Kompyuta ya kufundishia iitwayo PLATO ilianza mwaka 1960 katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, mwaka mmoja kabla ya Uhuru wetu. Na miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuitungia masomo alikuwa muuguzi, Maryann Bitzer. Katika miaka ile ya sitini alitunga somo ambalo mwanafunzi wa uuguzi hahadhiriwi. Anapewa mgonjwa wa kubuni mwenye maradhi ya moyo, anatafuta habari zake, anaamua afanye nini, na mashine inamwonyesha matokeo ya uamuzi wake. Akikosea, hakuna aliyekufa, anarudia. Muuguzi yeyote anaelewa kwa nini muuguzi mwenzake alilitaka jambo hilo. Sote tuna mgonjwa mmoja ambaye tungependa kurudia siku yake.

Na sisi kwetu, ingawa hatukuwa na kompyuta, tulikuwa na redio. Wazee mlioketi mbele, mnakumbuka. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971, Uhuru ulipotimiza miaka 10, kulikuwa na masomo ya redio yaliyoitwa Wakati wa Furaha. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, na karibu watu milioni 2 walishiriki. Walishiriki vipi? Si kila mtu na redio yake kitandani. Walikaa kikundi, wakasikiliza pamoja, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti kwa wasiojua kusoma, wakajadili, kisha wakaamua: kesho tunachimba choo, kesho tunachemsha maji. Vyoo vikachimbwa kweli.

Ndugu zetu wa Kenya nao wana la kujivunia. Mwaka 2005 ulianza mpango ulioongozwa na Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya, wa kuwapandisha wauguzi wapatao 22,000 kutoka ngazi ya cheti hadi diploma kwa masomo ya kompyuta. Kuwaita wote madarasani kusingewezekana, nafasi vyuoni ni chache na wodi zingebaki tupu. Basi masomo yakapelekwa walipo, kompyuta zikawekwa katika vituo vya afya na vyuo, na muuguzi akasoma huku akiendelea na kazi yake.

Tulipoyaweka haya matatu pamoja tukaona kilichotupata. Chombo hakikutuponza, iwe redio au kompyuta. Redio ya Mtu ni Afya ilifanya kazi kwa sababu watu walikaa kuizunguka. Meza yetu ya jikoni nayo ilifanya kazi. Kosa letu ni kwamba hatukujua kujifunza kunaishia wapi na kupimwa kunaanzia wapi. Kujifunza ni kwa kikundi. Kupimwa ni kwa jina lako. Hakuna aliyetwambia mpaka uko wapi, na sisi hatukuuliza.

Sasa wazazi, tuwaambie yale ambayo tungependa kuambiwa mwaka ule. Ni mambo matano.

La kwanza ni saa. Kazi za chuo hupakiwa mtandaoni na mlango hufungwa wenyewe, haumjui mwombaji. Mama mmoja wa hapa hapa chamani alimkumbusha mwanawe, "Mwisho wako saa sita." Yeye alimaanisha saa sita ya mchana kwa Kiswahili. Mtoto aliyezaliwa hapa akaelewa saa sita ya Kiingereza, ya jioni. Mlango ulifungwa adhuhuri. Tafadhali, mambo ya chuo tutaje kwa saa zao, tena tuandike. Na siku ya kupakia iwe ni jana yake.

La pili, mtoto aufungue mtihani wa mazoezi, hata akiwa bingwa. Muulizeni, "Umeshajaribu ule wa mazoezi?" Hamhitaji kujua Kiingereza cha udaktari kuuliza hivyo.

La tatu ni ile asilimia ya kufanana. Leo vyuo vingi vinamruhusu mwanafunzi aione mwenyewe. Akiona 30, anaweza kutetemeka bure. Programu huhesabu hata orodha ya vitabu alivyotumia, hata swali lenyewe alilolinakili juu ya ukurasa, hata maneno aliyoyanukuu kwa alama na kumtaja mwenyewe. Tarakimu hiyo peke yake haisemi mtu ameiba. Anayeamua ni mwalimu anayesoma. Lakini 8 yaweza kuwa mbaya ikiwa ni aya moja nzima ya mtu mwingine, isiyotajwa mwenyewe.

La nne ni akili mnemba, hizi programu zinazoandika zenyewe. Watoto wanazijua kuliko sisi. Kila chuo, na pengine kila somo, lina kanuni zake: hapa inaruhusiwa kukusaidia kupanga mawazo, pale hairuhusiwi kabisa. Mtoto asome kanuni ya somo lile, asifuate ya rafiki. Na ajue kwamba programu hizi huweza kutaja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kwa maneno mazuri na bila kupepesa macho. Sisi kwenye dawa hatumwamini hata daktari mpaka tumesoma kibandiko cha chupa. Basi na wao wasome kibandiko.

La tano ni kusema mapema. Asiye na kompyuta, vyuo vingi vina za kuazima. Mwenye ugumu wa kusoma herufi, anaweza kuongezewa muda, na kwenye kompyuta muda huo huwekwa kabla mtihani haujaanza. Lakini lazima aombe. Sisi wa kwetu tumelelewa kutosema shida mbele ya wageni. Chuoni shida isiyosemwa haimo kwenye mashine, na isiyomo kwenye mashine haipo.

Tuongeze kidogo kwa wenye watoto na ndugu wanaokwenda Marekani. Mtihani wa usajili wa wauguzi kule, NCLEX, umekuwa wa kompyuta tangu 1994, na ni wa aina ya pekee. Ukijibu vizuri, swali linalofuata ni gumu zaidi. Ukikosa, linashuka. Siku hizi maswali ya muuguzi kamili ni kati ya 85 na 150, na mashine hujizima yenyewe ikishaamua. Kwa hiyo anayejua sana na anayejua kidogo, wote hutoka wakisema mtihani ulikuwa mgumu. Ndugu yenu akitoka analia, msianze matanga. Subirini matokeo.

Na ndugu zetu wauguzi wanaotoka nyumbani kuja kufanya kazi hapa Uingereza hupita milango miwili. Wa kwanza ni wa kompyuta, anaweza kuufanya kabla hajapanda ndege: sehemu moja ya hesabu, nyingine ya maswali ya uuguzi. Wa pili hauna kompyuta. Anasimama mbele ya msimamizi, anamsalimia mgonjwa, ananawa mikono, anapima mapigo, anafunga kidonda, na kila hatua inatazamwa. Hata waliojenga mitihani hii wanajua kwamba kuna mambo ambayo kisanduku hakiwezi kuyauliza.

Tunakaribia mwisho, wapishi msifunike.

Mwezi wa kumi mwaka huu simu yetu ya kikundi ililia usiku. Alikuwa binti wa mwenzetu wa Goma. Yuko mwaka wa kwanza, na anasomea uuguzi. Alikuwa amepakia insha yake ya kwanza, programu ikamwonyesha 34. Alikuwa peke yake katika chumba cha kukodi, mji mwingine, amejifungia. Akasema, "Anti, nimeshapanga nguo zangu. Sitaki kuitwa kama mama alivyoitwa."

Tulikaa naye kwenye simu saa nzima. Tukamwambia afungue ripoti ukurasa kwa ukurasa, atusomee palipopakwa rangi. Ilikuwa orodha ya vitabu, swali lenyewe, na nukuu mbili alizozitaja vizuri kabisa. Hakuwa na kosa. Alifungua begi akarudisha nguo kabatini. Insha ile imefaulu.

Usiku ule tulielewa jambo. Sisi tulikuwa wanne kwa laptopu moja. Watoto wetu kila mmoja ana laptopu yake, ana simu yake, ana mtandao mpaka bafuni, lakini hana meza ya jikoni. Sisi tulikosa chombo, wao wamekosa watu wa kukizunguka. Binti yule alikuwa saa moja tu kutoka kuacha chuo, na dawa yake ilikuwa mtu wa kumwambia, "Fungua, tutazame wote."

Kwa hiyo tuna ombi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Kile chumba kidogo kando ya jiko la ukumbi huu, ambacho sasa kina viti vilivyovunjika na mti wa Krismasi wa mwaka juzi, tunaomba kifunguliwe kila Jumamosi, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8 mchana. Hizo ni saa za Kiswahili, watoto: 10 mpaka 2. Tunaomba sehemu ya fedha za bahati nasibu ya leo inunue meza moja kubwa na printa. Laptopu mbili tumeshapata. Sisi wauguzi tutashika zamu, kama tunavyoshika hospitalini. Walioko vyuo vya mbali wataunganishwa kwa simu, tuwaone na watuone.

Kanuni za chumba zitakuwa tatu, na tutaziandika ukutani. Kujadili, tunajadili wote. Kuandika, kila mtu anakwenda kuandika kwake, karatasi za kikundi zimefungwa. Na ukichukua wazo la mwenzako, unamtaja mwenzako.

Hiyo ya tatu tunaanza nayo sisi, hapa hapa. Mwaka 2013 kulikuwa na maneno mazuri kuhusu maji, ndoo na mikono ya mama anayenyonyesha. Yalikuwa ya mwenzetu wa Goma. Hayakuwa yetu. Tulimwomba radhi miaka kadhaa baadaye, kwenye meza ile ile ya jikoni, akatusamehe, akatumiminia chai. Lakini kosa lilikuwa la ofisini, mbele ya watu, na radhi nayo inafaa iwe mbele ya watu. Dada yetu, tunakuomba radhi. Chuo hakifungi mlango kwa umri, na fomu tutajaza pamoja nawe. Ila utaisaini kwa jina lako.

Yeye mwenyewe ametuambia tuseme haya, ila tusimtaje jina. Msigeuke kumtafuta ukumbini, hayupo. Yuko jikoni, ndiye anayepakua pilau, na ametuma ujumbe kwamba dakika zetu 20 zimekwisha. Kila mtu akanawe mikono kwanza. Anatazama.